Upande Uliofifia

Mume wa Bi Tega alikuwa seremala, lakini kitu alichokipenda kuliko vyote nyumbani mwake hakikuwa cha mbao. Kilikuwa mashine ya kurekodi sauti, ile ya zamani ya magurudumu mawili, nzito kama jiwe la kusagia, aliyoachiwa na msimamizi wake wa kazi siku alipohama mji. Ilimfikia ikiwa tayari imezeeka. Watu walikuwa wameshaingia kwenye kaseti, na hakuna aliyetaka tena kubeba kitu cha kumvunja mgongo. Seremala akaichukua, akaichongea kabati la mti mgumu, akalipaka vanishi mpaka ukiinama unajiona uso, na tangu hapo sebule ikawa na mwenyewe. Bi Tega aliita mashine hiyo Bwana Mkubwa.

Bi Tega mwenyewe, jina hilo hakupewa na wazazi. Alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa dirishani upande wa barabara, na kila aliyekuja kupimwa nguo alipimwa na akili pia. "Kitendawili!" angesema, pini zikiwa bado mdomoni. Ukishajibu "Tega!" umekwisha, hutoki hapo mpaka ufumbue au umpe mji. Watu walishindwa, wakatoa miji, wakatoa tena, hata Kinyozi wa nyumba ya pili akawa anamtania: "Shemeji, kwa miji uliyonayo sasa, unangoja nini kujitangazia serikali?"

Bwana Mkubwa naye alitegewa chake. "Ndugu wawili wamekaa bega kwa bega. Mmoja akinenepa, mwenzake anakonda, na chakula ni kilekile." Ni yale magurudumu ya mkanda, moja likijaa na lingine likipungua. Seremala alikipenda kitendawili hicho mpaka akawa anakitega kwa wageni kana kwamba amekitunga yeye.

Na mgeni aliyekanyaga sebuleni pale, hata awe amekuja kuuliza njia tu, alikalishwa chini akaelezwa.

"Tazama hapa," seremala angesema, akifungua kifuniko kwa ncha za vidole. "Vichwa vitatu. Cha kwanza kinafuta, cha pili kinaandika sauti, cha tatu kinasoma kilichoandikwa. Mkanda unavipitia kwa zamu. Wewe Kinyozi, redio yako ya kaseti ina vichwa vingapi? Viwili! Kimoja kinafanya kazi ya watu wawili, kama mpishi anayetoka jikoni kwenda kupiga ngoma."

"Na anapika, mzee, na ngoma anapiga. Mimi nashiba na ninacheza."

"Unashiba kelele. Hebu ona swichi hii. Ukiiweka huku, unasikia kinachoingia kutoka kwenye maiki. Ukiigeuza huku, unasikia kilichokwisha kushikwa na mkanda, palepale, mtu hata hajamaliza kusema. Hakuna kubahatisha. Na mwendo wake ni wa aina tatu: wa haraka kwa muziki, wa kati, na wa polepole ukitaka mkanda mmoja ukae mchana mzima. Halafu hizi sindano mbili zinakuonyesha nguvu ya sauti..."

"Sindano ninazozijua mimi zinatoboa," Bi Tega angedakia kutoka dirishani, na cheko lake lingefika barabarani kabla la seremala halijatoka mdomoni.

Ni sauti hiyo iliyoanza kukwaruza. Mwanzoni waliifanyia mzaha. Kinyozi alimuuliza kama amemeza msasa wa mumewe. Bi Tega akajibu kwamba ameulamba tu, kuonja. Lakini mkwaruzo ulikaa, ukashuka chini, ukawa unamkaba akipanda ngazi, mpaka wakaenda hospitali, na daktari wa koo akammulika, akamkata kipande kidogo cha kupima. Walipoitwa tena, daktari alinawa mikono muda mrefu kabla ya kuwatazama. Kulikuwa na uvimbe mahali sauti inapotokea, na haukuwa uvimbe wa kubembelezwa kwa dawa. Ama watoe kisanduku chote cha sauti, ama wauache umzibe pumzi. Angepumua kupitia tundu chini ya shingo. Angekula, angetembea, angeshona.

"Na kusema?" seremala akauliza.

"Kusema hapana, mzee."

"Hata kunong'ona?"

"Hata kunong'ona. Pumzi haitapita tena mdomoni. Wako wanaojifunza kutoa maneno kwa kucheua hewa, wakifanya mazoezi sana. Yatakuwa maneno, lakini haitakuwa sauti yake."

Walirudi nyumbani kwa miguu. Walipofika mlangoni Bi Tega akamshika mumewe mkono, akasema kwa ile sauti iliyobaki, "Kitendawili." Alitaka kumchangamsha tu. Seremala akafungua mdomo, akaufunga, akaingia ndani, na neno alilopaswa kujibu halikutoka.

Binti yao wa pekee alikuwa ameolewa mbali. Alipopata habari alikuja na tumbo lake la ujauzito, mimba aliyoingoja miaka mpaka watu wakaacha kumuuliza. Alimkumbatia mama yake pale kwenye cherehani, akalia kama mtoto. "Mama, huyu hatakusikia. Atakuona tu. Mimi nimekua na sauti yako masikioni, yeye atakuwa na nini?"

Bi Tega alikuwa amejikaza kisabuni tangu hospitali. Hakulilia tundu, hakulilia kisu. Lakini neno hilo lilimwingia. Usiku hakupata usingizi, na asubuhi alipoinuka kitandani alikuwa na jambo moja tu analolitaka duniani: kabla ya kuingia hospitali aiache sauti yake mahali ambapo mjukuu ataikuta.

Kinyozi alisikia, akaja akiwa amekumbatia redio yake ya kaseti. "Shemeji, chukua. Kaseti mpya iko ndani. Unabonyeza hivi viwili kwa pamoja, unaongea, basi. Hata paka anaweza."

Seremala aliitazama ile redio ya plastiki. "Mara ngapi nimekuona na penseli umekaa kibarazani, unarudisha matumbo ya kaseti ndani? Sauti ya mke wangu haitakaa kwenye kitu cha kutafunwa. Iko mashine humu ndani ya kazi hiyo."

"Mzee, si lazima ichaguliwe moja. Turekodi kote kuwili."

"Ukimchongea mtu kitanda, unamwekea na mkeka chini yake kisije kikavunjika?" seremala akafoka. "Nimesema iko mashine."

Wote wakamgeukia Bi Tega, kwa kuwa sauti ni yake. Na moyoni mwake ile kaseti aliitaka. Ilikuwa nyepesi, haina maneno mengi. Lakini akaitazama mikono ya mumewe. Tangu siku ya daktari mikono ile ilikuwa haina kazi, ilishika kitu ikakiacha, ilisimama katikati ya chumba haijui iende wapi. Hii ilikuwa kazi pekee ambayo seremala angeweza kumfanyia, na kumnyang'anya ingekuwa kumwambia akae pembeni amwangalie akinyamaza.

"Shemeji," akamwambia Kinyozi, "rudi nayo, wateja wako wasije wakanyolewa kimyakimya. Mimi nitaongea na Bwana Mkubwa."

Seremala alikuwa na mkanda wa akiba. Msimamizi wake wa zamani alimtumia baadaye kutoka huko alikohamia, mkanda wa kisasa, mwembamba na mrefu kuliko ile mingine yote, na yeye hakuwahi kuufungua. Alisema unangoja jambo la maana. Mchana ule alifunga milango, akamwomba binti yake awafukuze kuku uani, akavisafisha vichwa vitatu kwa pamba na spiriti. Kisha akaijaribu mashine kwa mkanda wa zamani: "Moja, mbili, tatu, fundi yuko kazini." Ikarudisha safi, hata kukohoa kwake kulisikika. Mkanda mpya hakuujaribu. Hakutaka sauti yoyote iitangulie ya Bi Tega.

Alipouchana mfuko wake na kuushika mkanda kwenye mwanga, upande mmoja ulikuwa wa kahawia na unang'aa, na upande wa pili mweusi, umefifia kama mkaa. Kwa mikanda yote aliyopata kuishika maishani, upande unaong'aa ni mgongo, na uliofifia ndio wenye unga unaoshika sauti. Uliofifia ndio unaotazama vichwa. Kanuni hiyo aliijua kama alivyojua kwamba ubao haurandwi kinyume cha nyuzi zake. Na mkanda huu ulikuwa umezungushwa kinyume, mweusi nje, unaong'aa ndani. Akatikisa kichwa. Akausokota mara moja, akauhamishia wote kwenye gurudumu tupu taratibu, mpaka ule mweusi ukaja ndani.

Bi Tega alikuwa ameketi mbele ya maiki na kikombe cha maji ya uvuguvugu. "Mbona unaupindua? Jora likitoka kiwandani, lilivyokunjwa ndivyo upande wake ulivyo."

"Kitambaa ni chako, mkanda ni wangu. Hata watu wa kiwandani hulala kazini, mama. Uliofifia ndio unaoshika."

Yeye aliuliza kwa kuuliza tu, kama mtu anayezungumza ili asiogope. Akanywa maji yake.

Seremala akaweka mwendo wa polepole ili mkanda usiishe katikati ya neno, akavaa hedifoni, akabonyeza. Magurudumu yakaanza kuzunguka. Akamwashiria mkewe kwa kidevu.

"Haya, wewe uliye tumboni," Bi Tega akaanza. "Shikamoo yangu nitakudai ukifika. Mimi ni bibi yako. Hii sauti nimeiazima kwa chura, yangu ilikuwa nzuri kidogo, muulize babu yako, ndiyo iliyomfanya aache kupima mlango wa watu aje anipime mimi kwa macho. Usicheke wewe mama yake, unamtikisa mwenzio! Kitendawili! ... Sema tega. ... Huko tumboni hamna adabu. Nakanyaga siendi, nakimbia sifiki, na njia niliyopita watu wanaivaa. Umeshindwa? Nipe mji. Mji huna, nyumba yenyewe umepanga. Haya, ni cherehani."

Aliendelea. Alitega cha usingizi: "Ukimtafuta anakukimbia, ukimwacha anakuja mwenyewe kukufumba macho." Alitega cha moshi, cha kivuli, cha kisigino. Alimweleza mjukuu jinsi mama yake alivyokuwa akijificha ndani ya kapu la vitambaa ili asioge, na jinsi alivyoitwa. "Nilimwita hivi," akasema, akasogea nyuma kidogo, akavuta pumzi, akaita kama alivyokuwa akiita uani jua likishuka, sauti ikipanda, ikikaa huko juu, ikishuka polepole: "Weee mwanaaa! Maji yanapoaaa!" Ilikatika katikati, akaita tena. Binti yake alikuwa ukutani, kiganja kimeziba mdomo.

Seremala hakuwatazama. Aliziangalia sindano mbili zikiruka na kulala, machozi yakimchuruzika hadi kidevuni bila kuyafuta. Mara moja Bi Tega aliona kidole cha mumewe kikienda kwenye ile swichi ndogo, kikakaa juu yake. Kisha kikaondoka, kikarudi gotini.

Alizungumza mpaka kukwaruza kukawa kama kuchana gunia. Neno lake la mwisho lilikuwa la kawaida: "Basi, nimechoka, tutaongea."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Ndivyo daktari alivyosema. Bi Tega alirudi na tundu shingoni, akalifunika kwa kitambaa chepesi alichokishona mwenyewe. Alijifunza kukinga tundu lile akioga, akajifunza kuita kwa kugonga kastabini, kile kikofia chake cha chuma cha kidoleni, kwenye meza ya cherehani. Ta-ta, anamwita mumewe. Ta-ta-ta, anamwita binti yake. Wateja walikuja wakapimwa, na walipopimwa walisimama kidogo zaidi ya lazima, kisha wakaondoka. Pini zilikaa mdomoni mwake bila wa kuzisumbua.

Binti alibaki ajifungulie hapo. Mara nyingi aliomba wausikilize ule mkanda, hata kidogo. Seremala alikataa. "Ni wa mtoto. Tutaufungua akija, asikie naye siku moja na sisi." Bi Tega alikubali kwa kichwa. Hakuwa na hakika kama angeweza kujisikia. Lakini siku zilipokuwa nzito, alipokuwa anasonya na hakutoki msonyo, alilitazama lile kabati la vanishi na kujituliza. Imo mle. Haijaenda popote.

Mjukuu alizaliwa wa kike, na walipotoka naye hospitali ya wazazi, Kinyozi alifunga duka akaja na viatu vya kutokea. "Leo nakuja kutoa mji," alisema. "Nimeoga kabisa." Bi Tega akapakata mtoto. Seremala alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi. Aliupitisha mkanda mahali pake, akageuza kitufe, akasimama kando kama mtu anayemfungulia mgeni mlango.

Kwanza ulikuja uvumi, ule wa mkanda wowote. Halafu ikaja sauti.

"Mmm, mm-mm. Mmm-mm-mm, mmm."

Seremala akaongeza nguvu. Uvumi ukapanda kama mvua juu ya bati, na ndani yake ile sauti ikaendelea kuguna, kama mtu anayeongea nyuma ya mlango uliofungwa na godoro limeegemezwa. Ilipanda, ikashuka, ikanyamaza kidogo kama inayongoja jibu. Mwendo ulikuwa wa Bi Tega, wenyewe kabisa. Maneno hayakuwamo.

"Labda spika, mzee?" Kinyozi akasema taratibu.

Seremala akatoa mkanda, akaweka ule wa zamani. Moja, mbili, tatu, fundi yuko kazini. Safi. Akavisafisha vichwa, akarudisha mkanda mpya. Mmm-mm. Akakata kipande kidogo cha mwisho wa mkanda, akachukua pamba yenye spiriti, akaufuta ule upande mweusi. Kisha akaufuta ule unaong'aa. Pamba ikatoka na vumbi la kahawia, vumbi lile analolijua, la unga wa sauti.

Akakaa chini sakafuni na shati lake la pasi.

"Kiwandani wameupaka rangi mgongo," alisema. Akarudia, kama anayemweleza mtu asiyekuwepo. "Wameupaka mgongo rangi. Ulikuwa sawa. Ulitoka sawa kule, mimi nimeupindua. Nimerekodia mgongoni."

Aliinuka ghafla, akauzungusha mkanda wote upya, akausokota tena mpaka ukarudi kama ulivyotoka kiwandani, akaupiga. Ile sauti ikasogea kidogo, kama mtu aliyetoka nyumba ya pili akaja chumba cha pili. Mlango ukabaki umefungwa. Kilichoandikwa kiliandikwa hafifu, na hakuna kichwa cha mashine kitakachosoma kisichoandikwa.

"Lakini baba ulikuwa unasikiliza," binti akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini na mbaya. "Ulikuwa na hedifoni masikioni muda wote. Nilikuona."

"Nilikuwa nasikia kinachoingia."

"Na ile swichi? Ile uliyotuimbia miaka yote? Hakuna kubahatisha?"

Seremala aliitazama ile swichi. "Nilitaka kuigeuza. Nilishaweka kidole. Sasa ukiigeuza, sauti inachelewa kidogo, inakuja midomo yake ikiwa imeshafika neno lingine. Nikaona... Midomo iko hapa na sauti iko nyuma. Nikaona nitakuwa nasikiliza mtu aliyekwishapita. Nikasema hapana, nimsikie akiwa bado yupo."

Ukutani, kutoka dukani, redio ya Kinyozi ilikuwa inaimba, ameisahau wazi. Kila neno la wimbo lilipita kwenye tofali likafika sebuleni limetulia. Kinyozi aliisikia, wote waliisikia. Akatoka mbio, na baada ya muda wimbo ukakatika, naye hakurudi.

Bi Tega alikuwa bado amempakata mtoto. Midomo yake iliumba "si kitu", lakini hakuna aliyekuwa anaitazama midomo yake. Akaiumba tena, kisha akaacha, kwa sababu haikuwa kweli. Ilikuwa kitu. Aliitazama ile mikono aliyoihurumia na safari hii hakuihurumia. Angenyoosha mkono tu siku ile, akaipokea ile redio ya plastiki. Hata paka angeweza.

Binti alimletea kalamu na karatasi. "Viandike, mama. Nitamsomea mimi." Bi Tega akaandika cha cherehani kwa mwandiko wake wa shuleni, mkubwa, wa kuegemea upande. Nakanyaga siendi, nakimbia sifiki. Akakisoma. Hakikukosewa hata herufi moja, na kingeweza kuwa kimeandikwa na mtu yeyote. Akaikunja karatasi akaiweka chini ya mguu wa cherehani uliokuwa unayumba.

Siku iliyofuata akamshika mumewe mkono, akamwonyesha mashine. Piga. Akakaa na mjukuu mapajani, uso kwa uso, na mguno ulipoanza, midomo yake ikaanza kwenda nao. Haya, wewe uliye tumboni. Shikamoo yangu nitakudai. Binti akaelewa, akasogea karibu. Kwa muda mfupi ilifaa. Midomo ilikuwa hapa na mguno uko hapo, na mtu akitaka kudanganywa angeweza kudanganyika. Kitendawili, midomo ikasema, na mashine ikasema mmm-mmm-mm. Alijua cha cherehani. Alijua cha usingizi. Halafu ukaja mguno mrefu asioukumbuka. Aliufuata nyuma, akaukosa, akajaribu kuuwahi mbele. Alikuwa amesema nini hapo? Alikuwa ameongea hovyohovyo tu, kama watu wanavyoongea, hakujua kwamba atatakiwa kukumbuka. Sauti yake ikaendelea bila yeye.

Kisha ikaanza kupanda, na hapo alijua. Ulikuwa ule wito wa uani. Alivuta pumzi, akafungua mdomo wote, akaita nao kwa nguvu zake zote. Pumzi ikatoka shingoni. Ilirusha kile kitambaa juu kwa mlio wa mpira unaotoboka, na mtoto akashtuka, akakunja uso, akapiga yowe. Alilia kwa hofu akimtazama bibi yake, mpaka mama yake alipomwondoa mapajani.

Bi Tega akainuka akaizima mashine mwenyewe.

Baada ya hapo hakuigusa tena. Seremala ndiye aliyerudi kwayo. Alisema akisafisha vichwa vizuri zaidi, akipunguza uvumi, akiweka hedifoni, kuna maneno yanaanza kutokeza. Alisema amesikia "babu yako" waziwazi. Siku nyingine alisema amesikia "kapu". Karakana ilifungwa, ubao wa mtu uliokwisha kupimwa ukapinda kwa jua. Alikaa mbele ya kabati lake tangu asubuhi, macho amefumba, kichwa ameinamisha upande mmoja, akirudisha mkanda nyuma, akisikiliza, akirudisha. Kastabini ya mkewe hakuisikia. Chakula kilipoa. Bi Tega aligonga ta-ta mezani mpaka akachoka, akaanza kumwendea na kumgusa bega, naye akashtuka kila mara kama aliyeamshwa.

Siku ya binti kurudi kwa mumewe, gari lilikuja mapema. Mizigo ikatolewa nje. Kinyozi, ambaye siku hizi alisalimia akitazama chini, alisaidia kuifunga kwa kamba. Mtoto alivishwa nguo ya manjano yenye marinda, ya mwisho kushonwa kwenye ile cherehani kabla ya safari, na alikuwa macho, anatazama kila kitu. Ilikuwa njia ndefu. Wasingeonana tena kwa muda.

Dereva akapiga honi. Seremala hakutoka. Bi Tega akagonga kastabini kwenye fremu ya mlango, ta-ta, akangoja, akaingia.

Alikuwa pale pale. Magurudumu yalizunguka polepole, sindano mbili zikitikisika kidogo chini kabisa. Bi Tega akamgusa bega. Seremala akafumbua macho, akamwona. Bi Tega akaumba neno kwa midomo, taratibu, ili alielewe: Wanaondoka. Akaonyesha nje kwa mkono. Akaumba tena: Mjukuu wako anaondoka, njoo umshike.

Seremala aliinua kidole, macho yakiwa yamemtoka, uso wake umejaa kitu kilichofanana na furaha.

"Nyamaza kidogo, mama," alisema. "Unaongea."

Akafumba macho tena, akazikandamiza zile hedifoni masikioni kwa viganja vyote viwili. Bi Tega akafunga mdomo. Nje honi ikalia mara ya pili.